Tajiri ana hela, vitabu havimjui

Naandaa hesabu za wafanyabiashara wa soko la Kilombero hapa Arusha. Dirisha la usajili likifunguliwa tu, kabla hata risiti hazijatoka kwenye boksi la viatu, naulizwa: "Newcastle ina hela za Saudia, inashindwaje kusajili?" Wiki hii nimeulizwa na watu watatu. Imetosha.

Hela ipo. Mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia uliichukua klabu hiyo Oktoba 2021. Ila PSR, kanuni ya Ligi Kuu ya England ya faida na hasara za klabu, haikuuliza tajiri ana ngapi benki, iliuliza klabu yenyewe imeingiza nini na imepoteza nini. Kikomo cha hasara iliyoruhusiwa kilikuwa pauni milioni 105 kwa misimu 3, tena kwa tajiri aliyeweka mtaji. Asipoweka, milioni 15 tu. Ndiyo maana mwishoni mwa Juni 2024, mwaka wa hesabu ukiwa unafungwa, Newcastle ilimuuza Minteh kwa Brighton na Elliot Anderson kwa Nottingham Forest. Anderson alikulia palepale, hakununuliwa, kwa hiyo thamani yake vitabuni ilikuwa sifuri na bei yake yote ikahesabiwa faida.

Mchezaji wa kununuliwa ni kama Coaster. Umeinunua milioni 100 uitumie miaka 5: kila mwaka unaandika gharama ya milioni 20. Ukiiuza milioni 70 baada ya miaka 2, faida ni 10, maana vitabuni ilibaki 60. Hapo mwenye Coaster ananitolea macho, na uchakavu wa gari lake hajawahi kuuandika! Andikeni uchakavu jamani, mnalipa kodi ya bure.

Na ile mikataba ya Chelsea ya miaka 8 na nusu, kina Mudryk, haikuwa mahaba. Ilikuwa kuipunguza hiyo gharama ya kila mwaka, mpaka UEFA ikaweka kikomo cha miaka 5 kwenye hesabu.

Na mengine ninayoambiwa na wateja: "Familia ya Glazer waliinunua Man United kwa hela zao." Sehemu kubwa ilikuwa mkopo, 2005, na deni wakaitwisha klabu yenyewe.

"Klabu yenye deni imefilisika." Anayesema hivyo ana mkopo wa benki na duka lake liko wazi.

"Simba ni ya Mo." Mgawanyo uliotangazwa ni 49 kwa mwekezaji, 51 kwa wanachama. Mteja mmoja akaniuliza gawio la hiyo 51 anachukulia wapi. Nikamwambia alete kwanza risiti za Machi.