Intaneti ya nyumbani isiyo na waya: kasi yako iko mikononi mwa majirani

Kijana wa mauzo alipita mtaani kwetu Goba na boksi jeupe kwapani. "Kaka, hii haitaki fundi wala kuchimba. Unachomeka kwenye umeme, mtandao huo." Na kweli, dakika tano hazikuisha watoto wakawa wanaangalia katuni. Alichokisema kilikuwa sahihi. Mimi nataka kueleza alichokiacha.

Intaneti ya nyumbani isiyo na waya ni ile inayofika nyumbani kwa mawimbi ya redio kutoka mnara wa simu, badala ya faiba au waya wa shaba. Ndani ya ruta, yaani lile boksi jeupe, kuna laini kama ya simu. Ruta inawasiliana na mnara, kisha inawagawia waliomo nyumbani kwa wifi. Hapo ndipo wengi huchanganya. Wifi ni kipande cha mwisho tu, kutoka ruta hadi simu uliyoishika kitandani. Alama ya wifi inaweza kujaa na video bado ikawa inazunguka, kwa sababu kilichozidiwa ni ile safari ya kutoka ruta hadi mnarani. Haifanani kabisa na kurusha hotspot ya simu pia: ruta hii hukaa mahali pamoja, ina antena kubwa kuliko za simu, na kampuni nyingine huifungia eneo, kwamba ukihama nayo kwenda Kigamboni haifanyi kazi mpaka uwape taarifa.

Dar si mgeni wa jambo hili. Kampuni ya Smile waliwasha 4G hapa mwaka 2012, na watu wa Mikocheni na Kijitonyama walikuwa na ruta zao mezani wakati wengine tunanunua bando za siku. Vodacom walipozindua 5G Septemba 2022 na wengine wakafuata, ruta ya mnara ikapata nguvu mpya.

Sasa ubora. Mnara wa kawaida umegawanywa pande tatu, mafundi huziita sekta, na kila sekta ina uwezo wake, kama sinia moja la chakula wanalokula wote walio upande huo. Chukua mfano: sekta ya 5G inayotoa Mbps 500 kwa wastani (Mbps ni megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi). Sinema ya HD inataka kama Mbps 5. Nyumba mia zikiwasha sinema kwa pamoja, sinia limeisha, na hapo sijawahesabu wenye simu wanaopita barabarani, ambao nao wanakula humo humo. Faiba nayo hugawanywa, lakini sinia lake ni kubwa mno na walaji wake wanajulikana idadi. Ndiyo maana saa nne asubuhi ruta yangu ilikuwa ikipima Mbps 90, na saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza na kila nyumba imerudi kwenye skrini, ikipima 7. Ruta ilikuwa ile ile na malipo yale yale.

Kuna jambo la pili, tena la ajabu zaidi. Mnara haugawi Mbps, unagawa muda. Mwenye mawimbi mazuri anahudumiwa upesi anaondoka. Mwenye mawimbi hafifu ni kama mzee asiyesikia vizuri kwenye dirisha la benki: karani anasema taratibu, anarudia, na foleni nyuma inasubiri. Kwa hiyo jirani aliyeificha ruta nyuma ya friji hajidhulumu peke yake. Anakula muda wa mtaa mzima.

Hili nililijua kwa kulitenda. Ruta yangu ilikaa sebuleni juu ya king'amuzi kwa sababu pale panapendeza. Siku moja nikafungua ukurasa wake wa ndani, ule unaoufungua kwa kuandika anwani ya namba kwenye kivinjari, nikaona RSRP -109. Namba hiyo hupima nguvu ya mawimbi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa bora: -80 ni neema, -110 ni kuomba Mungu. Nikaibeba chumba hadi chumba na waya wa kurefushia umeme, mke wangu akinicheka kwamba nimekuwa mganga anayetafuta hirizi. Jikoni, -112. Dirisha la chumba cha watoto, linalotazama mnara ng'ambo ya bonde, -91. Lile dirisha lina kioo cha kawaida. La sebuleni ni cha kung'aa kama miwani, chenye utando wa chuma, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, kama lilivyo bati la paa. Masafa ya 5G ya kati, ya MHz 3500 hivi, hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka haraka kwenye ukuta na majani ya mwembe. Ya MHz 700 hupenya vizuri ila hubeba kidogo. Huwezi kupata vyote.

Upande wa biashara sasa. Mtu wa simu hutumia GB chache kwa mwezi, lakini nyumba yenye televisheni janja na watoto watatu hufika mamia bila kujitahidi. Na nyumba hiyo hailipi mara mia ya mtu wa simu. Kampuni inafaidika pale tu inapouza nafasi ambayo ingekaa bure, kwenye sekta ambayo simu hazijaijaza. Ndipo yanapotokea maandishi madogo: "bila kikomo", halafu ukipita GB kadhaa kasi inashushwa. Kule Marekani T-Mobile, ambao kufikia mwisho wa 2024 walikuwa na zaidi ya wateja milioni 6 wa aina hii, huuza kwa kuangalia anwani, na eneo likijaa mteja mpya huambiwa asubiri. Kijana wetu wa boksi jeupe aliniambia analipwa kwa idadi ya ruta. Hakuna aliyemwambia sekta ya Goba imebakiza nafasi ngapi.

Hata hivyo soko lipo, na sidhani litaisha karibuni. Mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita hataki kuomba ruhusa ya mwenye nyumba kutoboa ukuta. Chanika, Kinyerezi na Mbezi za ndani, nyumba zinatangulia na barabara inakuja baadaye. Waya ukifukiwa leo, kesho greda linaukata. Huko ruta ya mnara ndiyo inayoshinda. Masaki, ambako faiba imeshafika getini, inabaki kuwa ya akiba. Na akiba yenyewe ina mipaka, maana minara nayo hutegemea nyaya zile zile za baharini: Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, wenye faiba na wenye mnara wote walikaa wakitazamana.

Ukitaka kununua, muombe jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo akupimie kasi saa mbili usiku, siku ya Jumapili. Kipimo cha mchana anachokuonyesha muuzaji ni sinia kabla wageni hawajafika.

Mwaka jana mafundi walipitisha faiba kwenye nguzo za mtaa wa chini yetu. Vijana wawili wa michezo ya mtandaoni na jamaa mmoja mhariri wa video wakahamia huko ndani ya mwezi. Mimi sikubadilisha kitu. Jumapili iliyofuata, saa mbili usiku, ruta yangu dirishani ikapima 31.