Je, wajua kwa nini bilionea wa Marekani mwenye timu hujengewa uwanja na walipa kodi?

Usiku wa kuamkia 29 Machi 1984, malori ya kuhamisha mizigo ya kampuni ya Mayflower yaliingia kwenye kambi ya Baltimore Colts, timu ya mpira wa Kimarekani. Kulipokucha, timu haipo. Vifaa vyote vilikuwa njiani kwenda Indianapolis, mji ulioanza kujenga uwanja wa kuezekwa kabla hata haujapata timu ya kuutumia.

Jibu la swali letu limo ndani ya malori yale.

NFL, ligi kuu ya mpira huo, ina timu 32, basi. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Kwetu mji usio na timu ya Ligi Kuu unaweza kuanza na ya mchangani ukaipandisha ngazi kwa ngazi. Kule ni mpaka wenye ligi wakubali kuongeza timu, au upokonye ya wenzako. Miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zenyewe, kwa hiyo mwenye timu ndiye aliyeshika mpini: nijengeeni, la sivyo nahama. Hebu fikiria Yanga wakitishia kuhamia Lusaka. Watu wangecheka. Kule hawacheki, kwa sababu wameshaona ikitokea.

Baltimore wenyewe walijifunza. Mwaka 1996 waliichukua timu ya Cleveland kwa ahadi ya uwanja mpya wa fedha za umma. Kilio kikahamia Cleveland, nao wakajenga uwanja wao ili warudishiwe timu mwaka 1999. Las Vegas waliivuta timu ya Raiders kutoka Oakland kwa dola milioni 750 zinazotokana na kodi ya vyumba vya hoteli.

Wanasiasa husema uwanja utaleta ajira na biashara. Wachumi waliolichunguza jambo hili, wengi wao, hawakubali, na mimi niko upande wao. Familia iliyotumia dola 300 uwanjani ni ileile ambayo ingezitumia mgahawani au sinema hapohapo mjini. Hela imehama mfuko tu. Tena timu ya NFL hucheza nyumbani mechi nane au tisa tu katika msimu wa kawaida.

Wapiga kura wakiulizwa, wakati mwingine hukataa. Aprili 2024 kaunti ya Jackson, Missouri, ilikataa kodi ya mauzo ya kugharimia viwanja vya Chiefs, timu ya NFL, na Royals, timu ya besiboli, ingawa Chiefs walikuwa wametoka kutwaa ubingwa miezi miwili tu nyuma. Lakini mara nyingi mwananchi haulizwi, na wakati mwingine mkopo hudumu kuliko jengo lenyewe. Uwanja wa Kingdome wa Seattle ulifunguliwa mwaka 1976 na kubomolewa kwa baruti Machi 2000. Deni lake lilimalizika kulipwa mwaka 2015.