Je, wajua kwa nini samaki mweupe huiva upesi na kuachana vipande vipande?

Bandika nyama ya ng'ombe jikoni, kisha tia mnofu wa chewa wenye unene wa vidole viwili kwenye oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi. Baada ya robo saa chewa ameiva, ukimgusa kwa uma anaachana. Nyama ndiyo kwanza imeanza kutokota.

Sababu ni maji anamoishi samaki. Ng'ombe hubeba uzito wake mwenyewe mchana kutwa, kwa hiyo misuli yake ina nyuzi ndefu zilizofungwa kwa kolajeni ngumu, protini inayoshikanisha misuli, ambayo hailainiki mpaka ipikwe kwa muda mrefu. Samaki hubebwa na maji. Nyuzi zake ni fupi, zimepangwa tabaka tabaka, na kati ya tabaka na tabaka pana utando mwembamba wa kolajeni dhaifu. Utando huo huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 50 na kitu hivi, na hapo tabaka hukosa cha kuzishika.

Na weupe? Chewa hukaa mwambani akivizia, akiona windo hukurupuka mara moja, basi. Misuli ya mbio fupi haihitaji akiba kubwa ya oksijeni, kwa hiyo haina myoglobini nyingi, ile protini inayoipa nyama wekundu. Jodari haachi kuogelea usiku na mchana, ndiyo maana nyama yake ni nyekundu.

Mwangalie chewa anapoiva. Mbichi, mnofu wake unapenyeza mwanga kama kioo chenye ukungu. Moto ukiingia, protini hushikana na weupe huanza pembeni ukielekea katikati. Ukiona matone meupe mazito yanajitokeza juu, ujue nyuzi zimeanza kujikamua maji. Mimi humtoa katikati kukiwa bado na kioo kidogo, kwa sababu joto lililomo ndani humalizia kazi sahani ikiwa mezani. Wengi wetu tumezoea samaki mkavu, na naamini tunapoteza utamu mwingi.

Siagi nayo haipendi moto mkali. Takriban asilimia 80 yake ni mafuta, inayobaki ni maji pamoja na protini na sukari kidogo za maziwa. Ukiipaka tangu mwanzo, hizo za maziwa huungua kwenye trei na kuleta uchungu. Afadhali mchuzi upikwe kando, kama wafanyavyo watu wa Nantes, Ufaransa, kwa samaki wa mto Loire: hukausha siki, divai nyeupe na vitunguu mpaka vibaki vijiko viwili vitatu, kisha hukoroga humo siagi baridi, kipande kimoja kimoja. Maji ya ndimu na supu ya kichwa cha samaki hufaa pia badala ya siki na divai.

Aliyewahi kupika tui ataelewa mchuzi huu mara moja. Matone madogo ya mafuta yametawanyika ndani ya maji, na moto ukizidi yanaungana, mchuzi unakatika. Wa siagi hukatika ukipita nyuzi 60 hivi, hivyo epua mapema. Kotimiri na kitunguu saumu kilichopondwa vitie mwisho kabisa, kwani harufu ya majani hupotea na mvuke, lakini mafuta ya uvuguvugu huishika. Mchuzi ukikatika, usiumwage: weka kijiko cha maji kwenye sufuria safi, kisha mimina ule mchuzi kidogo kidogo huku ukikoroga kwa nguvu. Utarudi mzito, wa rangi ya malai.