Sauli kule Endori: hukumu ilikuwa imeshatoka

Kila mafundisho ya Samweli wa Kwanza yanapofika sura ya 28, idara yetu ya elimu ya Kikristo hupokea swali lile lile: kama mfalme Sauli alipandishiwa nabii Samweli, aliyekuwa ameshakufa, kutoka kuzimu, mbona sisi tunakatazwa kwenda kwa mganga kuongea na marehemu wetu? Siku hizi maswali yamezidi, ndiyo maana tunaandika.

Anayeuliza hivyo ameruka mstari wa 3. Sauli mwenyewe ndiye aliyewafukuza nchini wenye pepo wa utambuzi, yaani watu wa kuita wafu. Adhabu yao, kwa Walawi 20:27, ilikuwa kupigwa mawe. Kwa Kumbukumbu la Torati 17, mtu hakuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Walitakiwa wawili au watatu, na mashahidi wenyewe ndio walioanza kurusha. Huo ulikuwa utaratibu wa Israeli ya kale. Haumpi yeyote ruhusa ya kumgusa bibi kizee wa kijijini kwa sababu ana macho mekundu, na tumechoka kulirudia hilo.

Tumtazame mfalme. Wafilisti wako Shunemu, yeye yuko Gilboa. Amemuuliza Mungu kwa ndoto, kwa Urimu (kura takatifu ya makuhani), kwa manabii: kimya. Endori, anakoishi mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, iko ng'ambo ya kilima, nyuma ya adui. Akabadili mavazi, akachukua watu wawili, akaipita kambi ya adui usiku, tumbo tupu. Huo si udadisi.

Je, aliyepandishwa na mwanamke huyo alikuwa Samweli kweli? Wafasiri wamebishana tangu kale. Origen, mwalimu wa kanisa la kale, alisema ndiye, wengine wakasema ni pepo. Idara haina msimamo rasmi. Sisi tunawaomba mlitazame joho. Mwanamke aliposema anaona mzee aliyevaa joho, Sauli akamjua papo hapo. Katika sura ya 15, baada ya vita na Waamaleki, aliushika upindo wa joho la Samweli ukararuka, akaambiwa ufalme nao umeraruliwa kwake. Kule Endori Sauli hakuhukumiwa upya. Alisomewa hukumu ile ile, ila sasa ina siku: kesho, yeye na wanawe.

Akaanguka chini kwa urefu wake wote, hana nguvu. Mwanamke yule, aliyekuwa akijificha kwa amri ya mfalme huyo huyo, akamchinjia ndama wake aliyenona, akakanda unga, akaoka mkate usiotiwa chachu. Wakala, wakaondoka usiku uleule.