Geini ya mikisa ni nini, na inapangwaje

Geini ni kiasi ambacho mikisa, ile mashine inayochanganya sauti za maiki na ala kabla hazijaenda kwenye spika, inaikuza ishara ya umeme pale inapoingia tu, kabla haijapita kwenye nobu za besi na sauti za juu, kabla haijafika kwenye feda (kitelezi cha sauti cha chaneli), kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye mikisa ndogo ya chaneli nne, nane au kumi na mbili, zile zinazotumika kwenye kwaya za Mwanga na Ujiji hapa Kigoma na kwenye sherehe za harusi hadi Kasulu na Kibondo, geini ni nobu ya juu kabisa ya chaneli, jirani na tundu la waya. Feda iko chini kabisa. Katikati yao ndimo sauti inamopita, na fundi mitambo anayeanza huhangaika kwa sababu anadhani nobu ya juu na feda ya chini zinafanya kazi moja.

Hazifanyi kazi moja, ingawa ukipandisha yoyote kati ya hizo, spika nayo inapaza. Geini inaamua ishara itembee ndani ya mikisa ikiwa na nguvu kiasi gani. Feda inaamua ni kiasi gani cha ishara hiyo kiende kuchanganyika na wenzake. Kwa muuza mawese hili ni jepesi: geini ni kumimina mafuta kwenye dumu, feda ni kuchota. Ukimimina yakapita mdomo wa dumu, yaliyomwagika hayarudi hata ukianza kuchota kwa kijiko.

Kinachomwagika kwenye mikisa ni umbo la wimbi lenyewe. Saketi ina kikomo cha volti inazoweza kubeba. Ishara ikizidi pale, vilele vya wimbi vinakatwa na kubaki bapa, na sikio linasikia mkwaruzo. Ukishusha feda baada ya hapo, unapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Ndiyo maana utamwona mtu anashusha masta (feda ya sauti yote kwa jumla), anashusha amplifaya, na sauti ya mwimbaji bado inakwaruza. Tatizo lilishatokea sentimita chache tu kutoka kwenye tundu la waya.

Upande wa pili nao una adhabu yake. Kila saketi ina kelele yake ndogo, ile "shiii" inayosikika watu wakinyamaza. Geini ikiwa chini mno, ishara inapita dhaifu karibu na kelele hiyo, na wewe unalazimika kupandisha feda, kisha masta, kisha amplifaya. Vyote hivyo vinakuza wimbo na shiii kwa pamoja. Kumbi nyingi zimenunua spika kubwa zaidi kwa ajili ya ugonjwa huu, na kwa maoni yangu nusu ya hizo spika hazikuhitajika.

Sababu ya kila chaneli kuwa na geini yake ni kwamba vitu tunavyochomeka havilingani hata kidogo. Maiki ya kawaida ya daynamiki, kama Shure SM58 ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, hutoa milivolti chache tu mtu akiimba karibu nayo. Gitaa la umeme lisilo na betri hutoa makumi ya milivolti, na likipigwa kwa nguvu hufika mamia. Kinanda kikifunguliwa sauti yake hukaribia volti 1. Vifaa vya kitaalamu vina kiwango cha kazi kinachoitwa laini, ambacho ni +4 dBu (dBu ni kipimo cha volti kwa desibeli), sawa na volti 1.23. Vifaa vya nyumbani kama deki na redio vina kiwango cha chini yake, karibu volti 0.316. Mikisa haiwezi kuchanganya milivolti mbili na volti moja zikatoka sawa. Lazima kwanza zote ziletwe kwenye kimo kimoja, na kazi hiyo ndiyo ya geini.

Hesabu yake hufanywa kwa desibeli. Kila desibeli 20 ni kuzidisha volti mara kumi, na desibeli 6 ni kama mara mbili. Kuikuza maiki ya milivolti moja ifike volti moja kunahitaji desibeli 60, yaani mara elfu moja. Kinanda hakihitaji karibu chochote. Kwa hiyo usishangae nobu ya maiki ikielekea kama mshale mfupi wa saa nane mchana na ya kinanda kama wa saa mbili asubuhi, hakuna kosa. Kosa ni kuzipanga zote zielekee upande mmoja ili mikisa ipendeze machoni.

Kabla ya kugusa nobu, tundu liwe sahihi. Tundu la pini tatu ni la maiki, tundu la jeki ni la laini. Kinanda kikiingizwa kwenye njia ya maiki kwa waya wa kuungaunga kinaweza kukwaruza hata geini ikiwa imefungwa kabisa, maana kimeshafika kikiwa kikubwa kuliko kinachotarajiwa. Mikisa nyingine zina kitufe cha kupunguza desibeli 20 au 26 kwa ajili ya hali kama hiyo. Maiki nayo ikiingizwa kwenye laini inasikika kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili, na fundi anaanza kulaumu maiki.

Gitaa ndilo linaloonewa zaidi. Pikapu yake, kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ni koili ya waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, na inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Tundu la laini la mikisa ndogo kwa kawaida lina kiloomu 10 hadi 20 tu. Linaivuta pikapu, na sauti za juu zinakufa. Gitaa la solo, lile linalobeba sebene na ambalo kwaya za huku hazikubali likosekane, linatoka limefubaa kama limefunikwa blanketi. Watu hupandisha sauti za juu kwenye mikisa kujaribu kulifufua, wanapata shiii zaidi. Dawa ni kutafuta chaneli yenye swichi iliyoandikwa Hi-Z (yaani ukinzani mkubwa), au kutumia kisanduku cha DI. Kisanduku hicho kinapokea jeki ya gitaa upande mmoja kwa ukinzani mkubwa, na upande wa pili kinatoa ishara ya pini tatu inayoingia kwenye tundu la maiki na inayoweza kusafiri waya mrefu bila kuokota mvumo. Bila DI, waya wa gitaa usizidi mita sita hivi. Gitaa la besi lenye betri ndani halina shida hiyo, maana limeshajikuza lenyewe.

Simu inastahili onyo lake. Jeki ndogo ya simu ni stirio, kushoto na kulia kwenye ncha moja. Ukiiunganisha kwa waya ambao jeki yake ya upande wa pili ina sehemu tatu za chuma na kuuchomeka kwenye tundu moja la laini, mikisa inadhani ni waya wa balansi, ule unaobeba ishara moja mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, na inatoa tofauti kati ya kushoto na kulia. Kilichopo sawasawa pande zote mbili kinafutika, na kwa kawaida hicho ni sauti ya mwimbaji. Maharusi wanaingia ukumbini kwa wimbo waliouchagua wiki nzima, ala zinasikika, mwimbaji hayupo. Simu haijaharibika. Tumia waya unaogawanyika kuwa jeki mbili za mono, kila moja kwenye tundu lake.

Sasa kupanga kwenyewe. Feda zote chini, masta chini, geini zote chini, nobu za besi na sauti za juu zisimame katikati. Chomeka waya. Mwambie anayepiga apige kwa nguvu zote atakazotumia kwenye wimbo. Bonyeza kitufe cha PFL au Solo cha chaneli hiyo, ambacho huonyesha kwenye mita ishara ilivyo kabla ya feda. Pandisha geini polepole hadi taa zichezecheze karibu na 0, na vilele viruke juu yake kidogo. Mikisa isiyo na PFL ina taa nyekundu kwenye chaneli: pandisha hadi iwake kwenye noti kubwa kabisa, halafu rudisha nyuma hadi iache. Taa hiyo mara nyingi huwaka desibeli chache kabla ya kukatwa kwa wimbi, kwa hiyo kumeta mara moja si msiba. Kukaa inawaka ni msiba.

Watu huuliza kwa nini tusimame kwenye 0 wakati juu bado kuna nafasi. Nafasi hiyo ni ya makusudi. Mikisa ya analogi ambayo 0 yake ni +4 dBu na kikomo chake ni kama +20 au zaidi inakuachia desibeli 16 au zaidi za akiba, na ngoma au mpiga kelele wa ghafla anazitumia zote. Kwenye mikisa ya kidijitali hesabu inaanzia juu kushuka: 0 yake ndiyo ukuta wenyewe, kwa hiyo watu hulenga karibu na -18.

Baada ya hapo pandisha feda hadi alama yake ya 0, mahali ambapo haiongezi wala haipunguzi. Pana faida nyingine ya kukaa hapo. Karibu na 0 ukiisogeza feda kidogo sauti inabadilika kidogo. Karibu na chini, mwendo uleule unaruka desibeli nyingi. Geini ikiwa kubwa mno feda inaishia kubanwa chini, na unashindwa kuirekebisha bila kila mtu ukumbini kugeuka kukutazama.

Kwaya ina ugumu ambao bendi haina. Kwenye majaribio mwimbaji husema "haloo, haloo, moja mbili" kwa aibu, geini inapangwa kwa haloo hiyo, kisha kiitikio kinafika na mtu yuleyule anafungua kifua. Tofauti kati ya kuongea na kuimba kwa nguvu inazidi desibeli 20 kwa urahisi. Usikubali haloo. Mwambie aimbe ule mstari wenye noti ya juu kabisa, akiwa ameshika maiki kama atakavyoishika. Umbali nao ni mkali: maiki iliyo sentimita tano kutoka mdomoni na iliyo mita moja mbele ya safu ya waimbaji zinatofautiana kama desibeli 26. Maiki ya safu itahitaji geini kubwa, na hiyo ndiyo itakayopiga mwii kwanza, ule mlio mkali wa maiki inapookota sauti ya spika na kuirudisha tena.

Kuhusu mwii wenyewe, wengi huamini kwamba kupunguza geini na kufidia kwa feda kunautibu. Hapana. Mwii unategemea jumla ya ukuzaji wote kutoka maiki hadi spika na kurudi. Ukitoa desibeli 6 hapa na kuziongeza pale, umebaki ulipokuwa. Kinachosaidia ni kuisogeza maiki karibu na mdomo, kupunguza idadi ya maiki zilizo wazi, na kuziweka spika mbele ya waimbaji. Mvua ikianza kugonga bati nayo hakuna geini inayoishinda, ngojeni ipite.

Kinanda kinataka subira kwa sababu mara nyingi kinabeba ngoma na besi ndani yake. Sauti yake yenyewe iwe kama robo tatu, maana ikiwa chini unakuza kelele yake. Ukitumia waya mmoja, chomeka tundu lililoandikwa L/Mono. Jaribu mtindo wenye ngoma nzito zaidi, si piano laini ya maombi. Na ukishaongeza besi kwa nobu ya mikisa, tazama mita upya: kuongeza desibeli 12 za besi ni kuongeza ukuzaji ndani ya chaneli, na chaneli iliyokuwa salama inaweza kuanza kukwaruza.

Volti 48 za kitufe cha fantomu ni za maiki za kondensa na baadhi ya DI. Ziwashe feda zikiwa chini. Mvumo mzito wa hezi 50 hautokani na geini, ni wa umeme: chomeka mikisa, amplifaya na kinanda kwenye njia moja ya umeme, na usikate pini ya ardhi ili kuunyamazisha.

Vipindi vikishaanza, geini iache. Kwenye mikisa nyingi ndogo spika za monita, zile zinazowaelekea waimbaji ili wajisikie, huchukua ishara kabla ya feda lakini baada ya geini. Ukiongeza geini ya mwimbaji ili watu wa nyuma wasikie, umeibadilisha pia monita iliyo mbele yake bila kumwambia, na mwii unaweza kuanzia hapo. Sogeza feda. Ukilazimika kabisa kushusha geini kwa sababu taa nyekundu haizimi, shusha polepole, kisha pandisha nobu ya monita ya chaneli hiyo kwa kiasi kilekile.