Mgonjwa aliyekuwa akianguka kila anaponawa uso

Alikuja na lalamiko ambalo karibu linichekeshe: kila akinawa uso, anaanguka. Si kizunguzungu, alisisitiza. "Daktari, kukiwa na mwanga natembea. Balaa ni nikifumba macho, au taa ikizimwa."

Nikamwambia asimame, miguu pamoja, kisha afumbe macho. Hakumaliza sekunde tatu, nikawa nimemdaka.

Kipimo hicho ni cha zamani na hakina gharama, nacho hueleza mengi. Habari za mguu uko wapi hupanda hadi kwenye ubongo kupitia nyuzi za upande wa nyuma wa uti wa mgongo. Nyuzi hizo zikiharibika, mtu husimama kwa msaada wa macho. Akiyafumba ili apake sabuni, miguu inabaki haina wa kuisimamia. Miguu ya mgonjwa wangu ilikuwa pia na ganzi iliyopanda hadi magotini, na misuli yake ilikuwa imekakamaa.

Daktari yeyote wa mishipa ya fahamu akiona picha hiyo hufikiria upungufu wa vitamini B12. Nami ndivyo nilivyofikiri. Majibu yakarudi: B12 iko sawa kabisa. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, na wengine humchoma mgonjwa sindano za B12 hivyo hivyo, "tuone itakuwaje". Miezi inakatika, naye anazidi kupoteza kile ambacho huenda kisirudi.

Aliyekosekana hapa alikuwa shaba. Ndiyo, shaba hii hii ya kwenye nyaya. Mwili mzima wa mtu mzima una takriban miligramu 100 tu, na mahitaji yake kwa siku ni mikrogramu 900 hivi, yaani hata miligramu moja haitimii. Lakini kuna vimeng'enya ambavyo bila shaba havifanyi kazi. Kimoja kiko mwishoni kabisa mwa mtambo wa kuzalisha nishati ndani ya seli. Kingine huzima sumu za oksijeni kabla hazijaunguza seli.

Wafugaji wa kondoo walitutangulia katika hili. Kondoo jike akikosa shaba huweza kuzaa mwana anayeyumba miguu ya nyuma, na kufikia mwaka 1937 watafiti wa Australia Magharibi walikuwa wameshauhusisha ugonjwa huo na upungufu wa madini haya. Kwa watu wazima, madhara ya aina hii kwenye uti wa mgongo yalianza kuelezwa waziwazi mnamo 2001. Mwanakondoo alipata jibu lake zaidi ya miaka 60 kabla yetu.

Je, mgonjwa wangu alikuwa hali vizuri? Alikuwa anakula kuliko mimi. Shaba imo kwenye maini, korosho, mbegu, kunde na chaza, kwa hiyo ni nadra mtu mzima kuikosa kwa sababu ya sahani peke yake. Mara nyingi kinachoharibika ni njia ya kuingilia. Hufyonzwa tumboni na mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kwa hiyo waliowahi kuondolewa tumbo la chakula au sehemu yake, pamoja na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, wako hatarini, na dalili zinaweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Magonjwa yanayozuia utumbo kufyonza chakula nayo yamo. Sababu ya tatu ndiyo ninayoiwinda kila mara, kwa sababu mgonjwa hataitaja mwenyewe.

"Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Hata vidonge vya kuongeza kinga?"

"Ah, hivyo si dawa."

Alikuja navyo siku iliyofuata. Zinki, miligramu 50 kila kidonge, asubuhi na jioni, mwaka wa pili sasa. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, kutoka vyanzo vyote.

Zinki ikizidi, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza kwa wingi protini iitwayo metalothionini. Protini hiyo imechochewa na zinki, lakini ikiiona shaba huikumbatia kwa nguvu zaidi. Shaba inanaswa ndani ya seli ya utumbo, seli hiyo inabanduka baada ya siku chache kama ilivyo kawaida yake, na vyote vinaishia chooni. Mbinu hiyo hiyo sisi madaktari huitumia kwa makusudi kwa wenye ugonjwa wa Wilson, ambao shaba huwajaa mwilini. Mgonjwa wangu alikuwa akijitibu ugonjwa asio nao.

Gundi ya meno bandia nayo iliwahi kuleta balaa hili. Mwaka 2008 iliripotiwa kuhusu wagonjwa waliokuwa wakimaliza tyubu mbili au zaidi kwa wiki, nayo ilikuwa na zinki. Tangu hapo, mwenye meno ya bandia simwachi bila kumuuliza.

Damu yake pia ilikuwa imeshapiga kelele: upungufu wa damu, na chembe nyeupe chache. Wapo wenye hali hii waliodhaniwa kuwa na ugonjwa hatari wa uboho, kumbe ni shaba. Kwa hiyo damu ikipungua na miguu ikayumba, pima shaba, seruloplasmini (protini inayobeba shaba kwenye damu) na zinki kwa pamoja. Angalia mtego mmoja: seruloplasmini hupanda wakati wa ujauzito au mwili ukiwa na inflamesheni, na hivyo huweza kuficha upungufu.

Tiba ni kusimamisha zinki na kumpa shaba, kwa mdomo, au kwa mshipa ikiwa utumbo haufyonzi. Usijinunulie, tafadhali, shaba ikizidi nayo huumiza ini.

Damu yake ilirudi sawa ndani ya wiki chache, hata yeye akadhani tumemaliza. Neva zilikuwa na mwendo mwingine. Kuharibika kulisimama, ganzi ikashuka kutoka magotini hadi vifundoni, na hapo ikatia nanga. Mara ya mwisho nilipomwona, alikuwa akinawa uso kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ukingo wa sinki.