Ukienda kwenye ufukwe wa kasa Juani, soma hii kwanza

Wageni wengi wanaokuja Mafia wananiuliza ni ufukwe gani hauna watu, na mimi siku zote nawaambia nendeni Juani, kisiwa kidogo jirani na Mafia, upande wake wa mashariki. Ila kabla hujapanda boti kuna mambo uyajue maana ule ufukwe hauna hoteli wala vibanda lakini una wenyewe. Kazi yangu ni kasa, kwahiyo nitaongea kama mtu wa kasa.

Kwanza maji. Ghuba ya Chole, ambayo boti inaivuka kwenda Juani, inakupwa sana siku za bamvua, yani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na pwani yetu hii siku hizo maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, halafu saa nne asubuhi yamekauka kabisa boti inakaa kwenye mchanga. Siku za maji mafu, yani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ya saa nne ndo yamejaa. Kwahiyo usimlazimishe nahodha wa Utende, kijiji cha Mafia ambako boti zinaondokea, muondoke saa unayotaka wewe, mwache yeye aseme. Na boti haikushushi kwenye ufukwe wenyewe, ule unatazama bahari kuu na kusi likivuma mawimbi yanapiga hatari, mnashuka upande wa ghuba kisha mnakatiza kisiwa kwa miguu, mawe ya matumbawe yana makali so vaa viatu vya kueleweka. Hapo ndo utaelewa kwanini kumetulia hivyo.

Sasa ukifika angalia mchanga kabla ya kuangalia bahari. Ukiona alama kama tairi la trekta limepita kutoka majini mpaka kwenye majani, huyo ni kasa jike alipanda usiku, na pale juu mchanga ulipovurugika kuna mayai, mara nyingi mia moja na kitu. Anarudi kutaga maeneo yaleyale alikozaliwa, na kwa msimu mmoja anapanda mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi. Akiwa anapanda halafu akaona tochi au watu wanatembea anageuka anarudi baharini bila kutaga, na huyo ametumia nguvu zote zile kujiburuza bure. Inaniuma kweli kila nikiona alama za kupanda na kushuka hazina kiota.

Mayai yanakaa kama miezi miwili na joto la mchanga ndo linaamua, kukiwa na joto sana wanatoka majike wengi, kukipoa madume, mpaka kati ya hayo mawili ni kama nyuzijoto 29. Ndo maana napiga kelele watu wasikate vile vichaka vya juu ya ufukwe wapate sehemu ya kupikia, kivuli kile kinabadilisha joto la mchanga ulio chini yake.

Msimu mzuri wa kuona vitoto ni Mei mpaka Agosti. Vijana wa vijijini wanaolinda viota wanahesabu siku, wanajua kipi kimekaribia, kwahiyo nenda nao na lipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ipo tangu 1995 na ndo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Vitoto vikitoka vinafuata mwanga ulio chini upande wa upeo wa bahari, ukiwasha flashi ya simu vinakufuata wewe. Usivibebe kuvipeleka majini hata ukiona vinachelewa, na kama umechimba shimo au watoto wamejenga nyumba za mchanga fukia kabla ya jioni, kitoto kikitumbukia hakitoki na kaa wanakisubiri.

Makome yaache pia. Kuna kaa hawana gamba lao, wanahamia kwenye kome tupu, na wewe ukibeba mfuko mzima wa makome unawaachia nini? Mchanga wenyewe mweupe ule sehemu yake ni matumbawe yaliyotafunwa na pono, samaki anakula anatoa mchanga, imeenda hivyo miaka na miaka.

Mwani uliotupwa na maji usiuzoe hata kama unanuka, wadudu wanakaa humo na ndege wanawala hao. Plastiki ndo ya kuzoa, kusi linaleta ndala na chupa toka mbali, basi beba gunia moja na mwambie nahodha mapema kuwa mtarudi nalo limejaa.